Shahada na Deni Lake

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana na wenye maduka na viongozi wa vyama vya ushirika, lakini ni nadra kuisikia pale panapozungumzwa habari za elimu. Tunapomwona kijana amevaa joho na kushika cheti mkononi, tunapiga vigelegele, tunachinja mbuzi, tunaita majirani. Hatuulizi cheti kile kimegharimu kiasi gani, nani aliyelipa gharama hiyo, na faida yake itamrudia nani. Pengine twaona kwamba kuuliza hivyo ni kukosa adabu mbele ya sherehe. Lakini shahada ya Chuo Kikuu ni mali, tena ni mali ghali kuliko nyingi ambazo taifa changa huweza kuzinunua. Kwa hiyo haina budi kuwa na daftari lake.

Katika makala haya tutajaribu kulifungua daftari hilo kwa kufuata historia ya nchi yetu, tangu enzi za ukoloni mpaka siku hizi za mikopo. Tutaona kwamba bei ya shahada haikupata kufutwa hata siku moja. Kilichobadilika kutoka zama hadi zama ni mkono uliolipa, na namna mlipaji alivyokumbukwa au kusahauliwa.

Gharama zinazoonekana na zisizoonekana

Kwanza yafaa tueleze maana ya gharama. Mtu wa kawaida akiulizwa gharama za Chuo Kikuu ni nini, hutaja ada, vitabu, chakula na malazi. Hizo ni gharama za kweli, lakini ni sehemu tu ya hesabu. Nyuma yake kuna mishahara ya walimu, majengo, maktaba, maabara na mitambo, ambayo mwanafunzi huikuta ipo kana kwamba iliota yenyewe kama uyoga. Na nyuma ya hizo kuna gharama ya tatu ambayo haiandikwi katika risiti yoyote: kazi ambayo kijana yule angaliifanya kama asingalikuwa darasani.

Gharama hii ya tatu si ndogo. Mwalimu Julius Nyerere aliitaja katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, lililotolewa mwezi wa Machi 1967, alipoonyesha kwamba shule zetu zilikuwa zikiwatoa katika uzalishaji vijana wenye afya na nguvu kuliko wote. Mkulima anaielewa hesabu hii bila kufundishwa na mchumi. Kijana wa miaka ishirini aliyekwenda masomoni ni jembe lililotundikwa ukutani. Shamba halimsubiri, ama baba mzee hulilima peke yake, ama mama huongeza saa za kazi, ama dada hukatizwa masomo ili kuziba pengo. Katika nyumba nyingi za nchi hii shahada ya mtoto mmoja imelipwa kwa elimu ya mtoto mwingine ambaye hakwenda shule, na mara nyingi mtoto huyo alikuwa wa kike.

Faida nazo ni za aina mbili. Ipo faida inayomwendea mwenye shahada mwenyewe: mshahara mkubwa zaidi, kazi ya kivulini, heshima mtaani, na sauti mbele ya wakubwa. Ipo pia faida inayowaendea wengine: mgonjwa anayetibiwa na daktari, mwanafunzi anayefundishwa na mwalimu, mkulima anayepata mbegu bora kwa kazi ya mtafiti. Ugomvi wote wa historia tutakayoisimulia unatokana na mizani ya faida hizi mbili.

Zama za ukoloni: ukoo na ushirika

Wakati wa utawala wa Waingereza hapakuwa na Chuo Kikuu hata kimoja katika Tanganyika. Shule ya Tabora ilianzishwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, na shabaha yake ilikuwa kuwapatia wakoloni wasaidizi katika utawala wao. Kijana aliyetaka kwenda mbele zaidi ilimbidi aende Makerere, Uganda. Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na ni mwaka 1949 tu ilipounganishwa na Chuo Kikuu cha London. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere, aliyesoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, alitoka huko na stashahada ya ualimu, na shahada akaifuata Edinburgh, Uskochi, kati ya 1949 na 1952.

Ni nani waliolipa katika zama hizo? Serikali ya kikoloni na misheni zilitoa nafasi chache za ufadhili, kwa kadiri ya mahitaji yao. Zilizobaki zililipwa na jasho la wakulima. Kahawa ya Kilimanjaro na ya Bukoba iliuzwa, ng'ombe wakauzwa, ukoo ukaketi na kuchangishana. Vyama vya ushirika navyo vikajitwisha mzigo huo. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, yaani KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilifika hatua ya kujenga chuo chake cha biashara mjini Moshi katika miaka ya hamsini. Hapo mkulima aliyekuwa hajui kusoma alikuwa akikatwa sehemu ya bei ya kahawa yake ili mtoto, pengine si wa kwake, apate kusoma.

Jambo la kutazamwa ni hili: katika mpango ule daftari lilikuwa wazi. Aliyesomeshwa na ukoo au ushirika alimjua kwa sura mtu aliyemsomesha. Akirudi likizo alimkuta shambani, akamwamkia shikamoo, na katika maamkizi yale deni lilikumbushwa bila kutajwa.

Lakini faida ya elimu ile ilikuwa na kasoro ya aibu. Katika utumishi wa serikali za Afrika Mashariki Mwafrika mwenye shahada, akifanya kazi ile ile ya Mzungu, alilipwa tatu ya tano tu ya mshahara wa Mzungu. Shahada moja, kazi moja, lakini bei mbili, kwa sababu ya rangi ya ngozi. Wasomi wetu walilipinga jambo hili kwa haki kabisa, na Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ikapendekeza liondolewe. Viwango vya msingi vya mishahara vikawa vya aina moja, ijapokuwa wageni waliendelea kupewa nyongeza ya kuwavuta waje huku.

Hapa ndipo fundo la historia yetu lilipofungwa. Viwango vile vya mishahara havikuwa vimepimwa kwa uwezo wa Tanganyika. Vilikuwa na asili yake katika maisha ya Uingereza, nchi tajiri yenye viwanda. Mwafrika alipoingizwa katika viwango hivyo alipata usawa na Mzungu, lakini papo hapo akapoteza usawa na baba yake mkulima. Tulishinda dhuluma moja, na katika ushindi ule ule tukarithi nyingine bila kuitambua.

Zama za Uhuru: taifa lashika mfuko

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba. Kilianza na kitivo cha sheria peke yake, na wanafunzi wake wa kwanza hawakufika 20. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama peke yake kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Si jambo dogo kwamba Chuo cha taifa kilizaliwa katika nyumba ya chama ambacho wanachama wake wengi walikuwa wakulima.

Sasa mlipaji alikuwa taifa zima. Mwanafunzi aliyechaguliwa alisomeshwa, alilishwa na kulazwa kwa fedha za umma. Ulikuwa uamuzi wa haki, maana kama isingalikuwa hivyo Mlimani pangalijaa watoto wa wenye mali peke yao. Lakini tukumbuke umma huo ulikuwa katika hali gani. Elimu ya Kujitegemea ilieleza kwamba serikali ilikuwa ikitumia takriban asilimia 20 ya mapato yake kwa elimu, na kwamba ni asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ambao wangepata nafasi katika sekondari. Waliofika Chuo Kikuu walikuwa wachache mno hata kati ya hao. Yaani wengi ambao hawangeliona kamwe darasa la sekondari walikuwa wakiwalipia wachache kufika kileleni.

Mwalimu Nyerere alipenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa kijiji chenye njaa, kilichompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mtu huyo akila chakula kile asirudi, hana jina jingine isipokuwa msaliti. Mfano huu ulieleweka na kila mtu, maana ulisema lugha ya kijiji. Lakini mfano si daftari. Ulimwambia msomi kwamba anadaiwa. Haukumwambia anadaiwa kiasi gani, wala atamlipa nani, wala lini.

Jaribio la kwanza la kuliandika deni hilo lilifanywa mwaka 1966, serikali ilipoamua kwamba wahitimu wa Chuo Kikuu na wa elimu nyingine ya juu walazimike kuingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Baada ya mafunzo ya awali wangefanya kazi zao za kawaida, lakini wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga. Baadhi ya mabango yao yalidai kwamba maisha yalikuwa nafuu zaidi chini ya ukoloni.

Yaliyofuata yanajulikana. Rais aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300. Lakini hakuishia hapo. Alitamka kwamba mishahara ya wakubwa, pamoja na wake mwenyewe, ilikuwa mikubwa kupita kiasi, na akaukata mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Wanafunzi wengi waliofukuzwa walirudishwa masomoni baadaye.

Tukilitazama tukio lile leo kwa utulivu, twaona pande zote mbili zilikuwa na hoja. Wanafunzi waliona kwamba wanaambiwa wajitoe mhanga na watu ambao wenyewe walikuwa katika mishahara ile ile ya kikoloni. Kitendo cha Rais kuukata mshahara wake kilikuwa kukiri kwamba hoja hiyo haikuwa bure. Lakini wanafunzi walisahau mlipaji. Katika hesabu yao walikuwapo wao na serikali tu, mkulima hakuwamo. Naye hakuwamo kwa sababu hakuwa na sura. Hakuwa tena mzee wa ushirika anayekutwa shambani wakati wa likizo, bali jina kubwa lisiloshikika: umma.

Jaribio la pili lilikuwa Azimio la Musoma la mwezi wa Novemba 1974. Kuanzia hapo kijana aliyemaliza kidato cha sita hakwenda moja kwa moja Chuo Kikuu. Ilimpasa kwanza afanye kazi, na apate sifa njema kutoka mahali pa kazi. Nia ilikuwa nzuri: msomi aijue kazi kabla ya kuijua nadharia. Lakini utaratibu huo uliwazuia wasichana wengi, ambao wakishaanza kazi na kuolewa iliwawia vigumu kurudi darasani, hata ikalazimu baada ya muda mfupi waondolewe katika sharti hilo. Katika miaka ya themanini utaratibu wenyewe uliachwa.

Zama za dhiki: faida yapungua

Wakati tukibishana juu ya ukubwa wa mishahara ya wasomi, dunia ilikuwa ikitupangia mengine. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vikala akiba ya taifa. Bidhaa zikaadimika na bei zikapaa. Mshahara uliandikwa shilingi zile zile, au zaidi kidogo, lakini kikapu cha sokoni kilirudi nyumbani hakijajaa. Walimu wa Chuo Kikuu wakaanza kufuga kuku na ng'ombe wa maziwa ili watoto wao wale. Wengine wakaondoka kwenda kufundisha nchi za nje.

Funzo la miaka ile ni kwamba faida ya shahada haikai ndani ya karatasi yake. Karatasi ile ile iliyomfanya mtu aonewe wivu mwaka 1966, miaka ishirini baadaye haikuweza kumnunulia sabuni mpaka apange foleni kama jirani yake. Shahada ni mbegu. Hustawi au kukauka kulingana na udongo wa uchumi unaoipokea. Vilevile taifa lilipata hasara mara mbili: lililipia masomo, kisha likashindwa kuitumia elimu yenyewe, na faida ikavunwa na nchi zilizoajiri watu wetu.

Zama za mkopo: daftari la benki

Mwaka 1992 serikali ilianza kwa awamu utaratibu wa kuchangia gharama za elimu ya juu. Mzazi na mwanafunzi wakarudishiwa sehemu ya mzigo ambao taifa lilikuwa limeubeba tangu Uhuru. Wakati huo huo milango iliongezeka. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilikuwa kimeanzishwa Morogoro mwaka 1984. Chuo Kikuu Huria kikaundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Vyuo vikuu vya binafsi vikafuata. Na Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007. Shahada iliyokuwa ya wachache ikaanza kuwa ya wengi.

Kisha ikatungwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Kwa mara ya kwanza deni la msomi likapata tarakimu. Mnufaika aliyeajiriwa alikuwa akikatwa asilimia 8 ya mshahara. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yakapandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ilikuwapo pia tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, iliyofanya wengine waone deni lao likikua hali wanalipa. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021.

Tusiudharau utaratibu huu. Fedha inayorejeshwa humkopesha kijana mwingine, na hilo ni jambo la haki. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini twapaswa kuona pia kilichopotea. Daftari la mkopo linamjua mkopaji na mkopeshaji tu. Mhitimu anayemaliza kulipa hupewa hati kwamba hadaiwi kitu, naye huamini hivyo. Na mhitimu asiye na kazi, anayeendesha bodaboda au kuuza mitumba huku joho lake likining'inia katika picha ukutani, hujiona amedanganywa: ameuziwa kwa mkopo bidhaa isiyofanya kazi.

Madeni matatu

Kwa maoni yetu, mwenye shahada katika nchi hii ana madeni matatu, na yafaa yasichanganywe.

La kwanza ni deni la ukoo. Hili lina mashahidi, nalo hulipwa kila mwezi. Mshahara wa msomi mmoja hulipa karo za wadogo zake, dawa za mama, bati la nyumba ya babu. Anayepima faida ya shahada kwa kutazama mfuko wa mtu mmoja hukosea, kwa kuwa kwetu mfuko huo una mikono mingi ndani yake.

La pili ni deni la Bodi. Hili lina daftari, tena daftari kali lisilosahau.

La tatu ni deni la wale waliolipa bila kusoma: mkulima wa pamba, mvuvi, mama muuza vitumbua, ambao kodi yao imejenga maktaba na kumlipa mwalimu. Ada haikupata kutosha kugharimia Chuo, na mkopo nao hautoshi. Deni hili halina shahidi wala daftari, na kwa hiyo, kama walivyosema wahenga, lapotea bila habari.

Sisi hatusemi turudi mwaka 1966. Shuruti ile ilileta chuki kuliko utumishi. Lakini wazo lililokuwa ndani yake, kwamba kazi inaweza kuwa malipo, halikustahili kuzikwa pamoja na makosa yake. Daktari kijana anayekubali kwenda zahanati ya mbali, mwalimu wa hisabati anayekaa miaka mitano katika shule ya kijiji isiyokuwa na mwalimu, hao wanalipa deni la tatu mchana kweupe. Hata hivyo wanakatwa asilimia ile ile sawa na mwenzao aliyekaa ofisini mjini. Tungependa miaka yao ya utumishi ihesabiwe kuwa sehemu ya marejesho, ili daftari la taifa limwone pia yule aliyelipia bila kusoma. Na taifa nalo, kwa upande wake, lina wajibu wa kuandaa udongo: kumsomesha kijana na kumwacha bila kazi ni kupoteza fedha ya mkulima mara ya pili.

Siku ya mahafali itakapofika tena, vigelegele na vipigwe na mbuzi achinjwe. Lakini kabla ya nyama kugawanywa, mzee mmoja na asimame mbele ya kijana mwenye joho amsomee daftari: huyu aliuza ng'ombe, huyu aliacha shule, hawa usiowajua walilipa kodi. Kijana akishawasikia wote, ndipo atakapojua shahada yake ilinunuliwa kwa bei gani.